Kona ya Vyungu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia yote kila basi likipinda pale Kona ya Vyungu, hata shati nililovaa nalikumbuka. Kona yenyewe unaijua. Ukishapita Mafinga kwenda Mbeya, barabara inanyooka vizuri, dereva anaanza kujisahau, halafu inalikwepa bonde, inapanda mgongo wa kilima, inazunguka weee, ndipo inateremka ng'ambo na kunyooka tena. Bonde lenyewe si kubwa. Mtu mwenye miguu mizuri analivuka kwa dakika kumi.

Mwezi uliopita nilikaa ndani ya basi nyuma ya vijana watatu. Tulipoanza kuzunguka, mmoja akasema aliyeichora kona hii alikuwa amelewa ulanzi. Wenzake wakacheka. Mwingine akaeleza, kwa uhakika wa mtu asiyejua, kwamba jina la Vyungu lilitokana na lori la mfinyanzi lililopinduka hapo zamani, vyungu vyote vikavunjika. Nikanyamaza, maana mzee akianza kusimulia ndani ya basi watu hudhani ana upweke.

Basi nakusimulia wewe, unayefunga safari kwenda nchi ya watu. Hakuna lori la vyungu lililopinduka pale. Kona ile niliipindisha mimi, kwa neno moja nililolitafsiri vibaya na uongo mmoja niliouongeza juu yake. Na ninajivunia kona ile kuliko jambo lolote nililofanya kwa mikono yangu. Utaniuliza, mzee, mtu hujivunia kosa? Kaa, usiwe na haraka.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Uhuru bado. Barabara kuu kati ya Iringa na Mbeya ilikuwa ya udongo mtupu, na sehemu nyingi ilifuata njia za wapagazi wa kale. Popote mpagazi alipokwepa jiwe, lori nalo lililikwepa jiwe lile lile, hata kama jiwe lilishaondolewa. Kiangazi unakula vumbi, masika unalala njiani siku mbili tatu ukisubiri matope yakauke. Ndipo wakubwa wakaamua inyooshwe.

Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe, na siku hizo nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni nina Kiingereza cha kutosha kuombea kazi, na Kiswahili cha kutosha kuwasahihisha walionizidi umri. Nikasikia kwamba mzungu mmoja mpima barabara anatafuta mkalimani. Watu walimwita Bwana Kigingi, kwa sababu kila alipopita aliacha vigingi vya mti vimepigwa chini, na kigingi chake ndicho kilichosema barabara itapita wapi. Akaniuliza ninajua lugha zipi za kuanzia Mbeya hadi Iringa. Nikamjibu, "Zote, bwana."

Zote. Nilijua Kinyakyusa cha mama yangu, na Kisafwa cha sokoni. Kihehe nilijua neno moja tu, Kamwene, nalo ni salamu. Lakini nilikuwa na shati jeupe na kalamu mfukoni, na nilidhani lugha za shambani mtu mwenye shule huzielewa tu akisikiliza kidogo. Wahenga wanasema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole hupona.

Tukafika kwenye bonde lile mwishoni mwa kiangazi. Barabara ya zamani ililizunguka mbali sana, na Bwana Kigingi alipochungulia kwenye darubini yake, uso ukamng'aa. Mstari ulikuwa unakata katikati ya bonde, umenyooka kama kamba iliyovutwa. Majani yalikuwa yameungua kwa moto wa msimu, na udongo wa juu umekauka hadi kupasuka. Ukipiga mguu, unasikia ni mgumu.

Ng'ambo ya bonde akaja bibi mmoja na jembe begani. Jina lake Bibi Sekalinga, mjane, na sehemu kubwa ya bonde lile ilikuwa ya kwao. Alikuwa mfupi, na alitembea kama mtu anayekwenda kudai haki yake. Nikatangulia mbele ya watu wote, nikainama kidogo, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Kamwene." Nilitaka Bwana Kigingi asikie jinsi ninavyozungumza na wenyeji.

Bibi akafurahi, akaitikia, kisha akaanza kusema Kihehe. Akasema, akasema. Alionyesha chini kwa mpini wa jembe, akaonyesha pande mbili za bonde, akainua mkono hadi gotini. Mimi nilikuwa natikisa kichwa kama mwelewa. Katika maneno yale yote nililishika moja, kwa sababu alilirudia mara tatu: vinyungu.

Bwana Kigingi akauliza kwa Kiswahili chake, "Huyu mama nasema nini?"

Sasa, mwanangu, Kiswahili nilikuwa nacho. Nilijua kwamba nyungu ni chungu. Hata leo mgonjwa wa mafua anaambiwa akajifukize nyungu. Kwa hiyo vinyungu, nikapiga hesabu ya ngeli kichwani, ni vyungu vidogo. Nikamjibu kwa Kiingereza, maana nilipenda kukitoa hadharani, kwamba bibi anasema hapa chini kuna vyungu vidogo. Akauliza kama ni vya matambiko. Nikasema ndiyo, bwana, bila shaka ni vya matambiko. Bibi hakujua Kiingereza, akabaki anatutazama.

Bwana Kigingi hakuwa mtu mbaya. Hakutaka kupitisha barabara juu ya mizimu ya watu. Akaamuru shimo lichimbwe. Vibarua wakachimba hadi kwenye muundi, hawakuona chungu wala kigae. Wakanicheka. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, labda vimepikiwa, vimeliwa." Kuanzia siku hiyo wakaniita Bwana Vyungu, na masikio yangu yaliwaka moto. Bibi Sekalinga alipoona tumechimba, alitikisa kichwa kwa kuridhika, akatuaga, akaenda zake. Vigingi vikapigwa katikati ya bonde.

Miezi ikapita, wakaja wajenzi, nami nikawekwa kwao kuwa mkalimani. Nyapara wao alikuwa Mzee Chengula, Mbena wa Njombe, mtu aliyejenga barabara tangu enzi ya kubeba mawe kichwani. Hakujua kusoma, lakini alikuwa akipiga udongo kwa kisigino chake na kukwambia utabeba lori au hautabeba. Siku aliyofika bondeni alipiga kisigino hapa, akapiga pale, akatazama matete machache yaliyosalia pembeni. Kisha akaniita.

"Kijana, wenyeji mliwauliza?"

"Tuliwauliza, mzee."

"Wakasemaje?"

Hapo, mwanangu, ndipo penyewe. Mama yake Mzee Chengula alilima mabonde ya namna ile huko Njombe, yeye mwenyewe alikulia humo. Ningelitamka tu lile neno lenyewe, hata bila kujua maana yake, angelitambua papo hapo. Lakini nilikumbuka kicheko cha wale vibarua. Sikutaka neno la vyungu lifufuliwe mbele ya watu wapya.

Nikasema, "Walisema hakuna neno."

Mzee akanitazama kidogo, akasema, "Haya. Wewe ndiye uliyesikia." Akawaita watu wake wakaanza kazi.

Walijenga vizuri, nisiwasingizie. Walileta kifusi, wakamwaga changarawe, wakashindilia kwa magogo huku wanaimba. Wakaweka makalavati mawili. Barabara ilipokwisha, ilikatiza bonde kama rula, na madereva wakapiga honi kwa furaha walipopita. Mimi nami nilijigamba kwamba niliusaidia mstari ule.

Mvua za kwanza ilivumilia. Mvua zilipokomaa, maji hayakuja kutoka juu tu, yalitoka chini. Barabara ilianza kulainika katikati, ikawa inabonyea ukiikanyaga. Asubuhi moja lori lililobeba mbao likaingia hadi ekseli, na nyuma yake yakapanga foleni malori mengine manne. Tulipojaribu kulivuta, tuta zima likateleza upande, kalavati moja likazama, halikuonekana tena.

Mzee Chengula akanituma mlimani kwa wenyeji nikaombe mianzi ya kutandika chini ya magurudumu. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bibi Sekalinga. Alikuwa nje anapukuchua mahindi. Nikampa Kamwene yangu, akaitikia, kisha akaanza Kihehe chake. Nilikuwa nimelowa, nimechoka, matope hadi kifuani. Sijui nguvu ya kujidai ilinitoka wapi siku ile, lakini ilinitoka. Nikasema kwa Kiswahili, "Nisamehe, bibi. Mimi Kihehe sijui."

Akaacha kupukuchua.

"Hujui?" akaniuliza, kwa Kiswahili. "Sasa mbona hukusema?"

 Kumbe marehemu mume wake alikuwa askari, walikaa kambini miaka mingi, Kiswahili alikizungumza bila taabu.

"Wewe ulinisalimia Kamwene mbele ya watu," akasema. "Nikasema huyu kijana anajua, nimweleze vizuri kwa lugha ya nyumbani. Ungesema hujui, si ningekwambia kwa Kiswahili?"

Nikamuuliza, na moyo wangu tayari unajua jibu halitakuwa zuri, vinyungu ni nini.

"Vinyungu si yale mashamba ya bondeni," akasema. "Maji yako chini mwaka mzima. Kiangazi watu wa mlimani wanakaa njaa, sisi tunakula mahindi mabichi kule. Mwaka mliokuja tulikuwa tumelipumzisha bonde tu. Nilikwambia maji yanakaa magotini. Mkachimba, nikafurahi, nikasema wanayatafuta maji niliyowaambia. Mlichimba kifupi."

"Na tulipoanza kujenga, bibi, mbona hukuja kutukataza?"

"Nilikwisha kuwaambia. Nikasema labda hawa watu wana dawa ya matope."

Alinipa mianzi, na watoto wa ndugu zake wakaja kusaidia kuibeba. Nilipoteremka, sikuhisi uzito wa mzigo. Nilihisi aibu tu, na aibu ile ilikuwa nzito kuliko mianzi.

Kesho yake akaja bwana mkubwa wa barabara kutoka Iringa mjini, pamoja na Bwana Kigingi. Alitembea juu ya tuta lililoteleza, akarudi. Kisha akamwita Mzee Chengula mbele ya vibarua wote. Akasema tuta halikushindiliwa. Akasema nyapara mvivu ameharibu kazi ya wengine, na kwamba mwisho wa juma asionekane tena kwenye barabara yoyote ya jimbo lile.

Mzee alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili. Akasema, "Tulishindilia, bwana." Alisema hivyo tu. Mtu aliyejenga barabara maisha yake yote, na neno lake halikuwa na uzito mbele ya vile matope yalivyoonekana. Nilimtazama akigeuza kofia ile polepole mikononi, na nikajua kwamba nikinyamaza, nitakuwa nimeokoka. Hakuna mwingine aliyejua. Bibi Sekalinga asingeulizwa na mtu. Ningebaki mkalimani, na shati langu jeupe.

Mwanangu, njia ya mwongo ni fupi. Ile yangu ilikuwa imefika mwisho wake pale pale, na mbele yake kulikuwa na matope. Nikatoka mstarini.

Nilisema kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza, ili kila kibarua aelewe. Nikasema Kihehe sikijui na sikukijua kamwe. Nikasema vinyungu si vyungu. Nikasema Mzee Chengula aliniuliza wenyeji walisema nini, nami nikamdanganya kwa kuogopa kuchekwa. Nilipomaliza, hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimeogopa kicheko chao mwaka mzima, na siku nilipokistahili hawakunipa.

Bwana mkubwa akafungua mdomo, lakini Bwana Kigingi akamtangulia. Akasema, "Mimi pia nachimba kifupi." Neno lile lilimwokoa mzee kuliko maneno yangu yote. Nilimheshimu mzungu yule tangu siku hiyo.

Mzee Chengula akabaki kazini. Mimi ukalimani nikavuliwa, na ilikuwa haki. Nilidhani nitafukuzwa nirudi Rungwe nikawaeleze wazee wangu. Lakini asubuhi iliyofuata Mzee Chengula akaja, akanikuta nakunja blanketi langu, akanitupia koleo miguuni.

"Unakwenda wapi?" akasema. "Umenizamishia barabara, sasa unataka kuniachia nichimbe peke yangu? Vua shati hilo."

Kisha akaongeza, "Ile jana ulikuwa mwanamume. Lakini kesho yake mtu anafanya kazi."

Watu husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mimi uhunzi wangu ulianzia kwenye koleo lile.

Mvua zilipopungua, Bwana Kigingi akarudi na vigingi vipya. Safari hii hakufungua darubini kwanza. Tulikwenda nyumbani kwa Bibi Sekalinga, tukakaa, tukanywa uji, kisha Bwana Kigingi akamwomba atuonyeshe mahali ambapo yeye mwenyewe hupita masika akiwa na mzigo kichwani. Bibi akachukua fimbo, akatangulia. Alipanda mgongo wa kilima, akapita juu ya mwamba, akalizungukia bonde kwa mbali, akateremka ng'ambo bila kulowesha mguu. Nyuma yake alikuwa mpima, na nyuma ya mpima nilikuwa mimi na nyundo, napiga kigingi kila aliposimama kuvuta pumzi. Ile kona unayopinda leo, mwanangu, ni nyayo za mwanamke wa Kihehe aliyeijua nchi yake. Lami ilipokuja baadaye, miaka mingi baada ya Uhuru, wapimaji wapya walikuja na mashine zao za kisasa, wakapima bonde, wakapima mgongo, na wakaiweka lami pale pale bibi alipoweka miguu. Nilikuwepo siku ile, nikiwa nyapara mwenyewe tayari. Nilivua kofia. Walidhani nawasalimu wao.

Siku tulipomaliza udongo wa kona, Bibi Sekalinga aliteremka kuja kuona. Akanikabidhi kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Nikafungua, nikakuta chungu kidogo cha udongo, cha kukaa viganjani.

Akasema, "Hiki ndicho mlichokitafuta bondeni mkakikosa."

Hapo sasa walicheka, vibarua wote, na Mzee Chengula akacheka hadi akakaa chini. Nami nilicheka kuliko wote. Ndipo mahali pale pakaitwa Kona ya Vyungu, na madereva wakalichukua jina wakalisambaza bila kuuliza maana yake. Chungu chenyewe ninacho hadi leo, kipo juu ya kabati, naweka mbegu za maboga. Umekiona mara nyingi, na wewe pia hukuuliza.

Kihehe nilijifunza pale, kwa Bibi Sekalinga, jioni baada ya jioni, kuanzia maneno ya udongo na maji. Mke niliyemwoa baadaye alitoka kijiji kile. Kwa hiyo hata wewe, ukitafakari vizuri, umepita kwenye kona ile kabla hujazaliwa.

Sasa nikuambie nililotaka kukuambia. Ukifika kwenye nchi ya watu, usiwapige chenga kwa salamu moja. Sema sijui. Neno hilo ni fupi na halina gharama, ila ulimi wa kijana hulikwepa kuliko gari linavyokwepa shimo. Laiti ningelisema siku ile ya kwanza, bibi angenieleza kwa Kiswahili safi, na barabara ingepita mgongoni tangu mwanzo. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kutikisa kichwa. Na kama umekwisha kukosa, usiache mwingine ashike kofia yake mikononi kwa ajili yako. Toka mstarini useme mapema, kwa lugha ambayo wote wataielewa. Kosa likisemwa, watu hupata pa kuweka vigingi vipya. Mimi la kwangu lilikuwa matope tu mpaka nilipolisema, na baada ya hapo likawa barabara, nayo imebeba watu zaidi ya miaka hamsini bila kuzama.

Nenda, mwanangu. Mungu akunyooshee njia panaponyooka, na panapopinda akupe moyo wa kupinda bila aibu. Akukutanishe na watu wanaoijua nchi yao, na wewe uwe na masikio. Na ukipita Kona ya Vyungu wakati wa kiangazi, chungulia dirisha la upande wa bondeni. Milima yote itakuwa imekauka, na chini pale utaona mahindi mabichi.